Jeraha la ubongo: Yanayofuata mgonjwa akisharudi nyumbani

BARABARA Kuu ya Thika ilipozinduliwa rasmi mwezi Novemba 2012, sisi wakazi wa Membley, Ruiru na Juja tulishangilia, na tulikuwa na sababu. Safari ya kwenda Nairobi iliyokuwa ikila asubuhi nzima ilifupika. Hata hivyo, gari linalokwenda kasi humgonga mtu kwa nguvu zaidi, na kufikia wakati huo pikipiki za bodaboda zilikuwa zimejaa mitaani kama kumbikumbi baada ya mvua, hasa tangu serikali ilipoziondolea zile ndogo kodi ya VAT mnamo 2008. Katika miaka ya hivi karibuni, zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka katika barabara za Kenya. Hao huhesabiwa na kutangazwa. Ni nadra kusoma juu ya wale waliookotwa wakiwa hai, wakalazwa, wakashonwa, wakapona vidonda vya ngozi, kisha wakarudi nyumbani na ubongo uliojeruhiwa.

Leo, msomaji, nataka tuzungumze juu ya hao, na zaidi juu yako wewe unayeishi na mmoja wao. Wala usidhani ajali za barabarani ndizo pekee. Fundi wa mjengo huanguka kutoka jukwaani. Mchimba mawe wa Juja hupigwa na jiwe. Mtoto huanguka kutoka roshani ya ghorofa ya pili, mpita njia hupigwa rungu na wezi usiku, na wake wengi kuliko tunavyokiri hupigwa kichwa ukutani na waume zao, kisha wakasema waliteleza bafuni.

Wanaofika kliniki kwangu kuuliza juu ya jambo hili aghalabu si wagonjwa wenyewe. Ni mke, ni mama, ni dada. Huja na simu mkononi, wakiwa wamekwisha kusoma kwenye intaneti mpaka usiku wa manane, na wamechanganyikiwa kuliko walivyokuwa kabla ya kusoma. Wengine huja na neno moja tu. "Daktari, walinirudishia mume," mama mmoja aliniambia, "lakini huyu siye yule." Sijawahi kusikia maelezo mafupi ya ugonjwa huu yanayozidi hayo.

Ndani ya fuvu

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo moja na robo hadi kilo moja na nusu, nao ni laini mithili ya parachichi lililoiva. Umelazwa ndani ya fuvu gumu na kuzungukwa na maji maalumu. Kichwa kinapogonga lami, fuvu husimama ghafula, lakini ubongo huendelea kusonga, ukagonga mfupa upande wa mbele, kisha ukarudi na kugonga upande wa nyuma. Kichwa kikizungushwa kwa nguvu, nyuzi nyembamba zinazounganisha sehemu za ubongo huvutika na kukatika. Ndiyo maana mtu anaweza kuumia ubongo vibaya bila kuvunjika fuvu na bila kutoka hata tone la damu.

Hilo ni jeraha la kwanza, nalo likishatokea hakuna dawa ya kulifuta. Jeraha la pili ndilo tunaloweza kulizuia, na hutokea katika saa na siku zinazofuata. Mshipa uliopasuka huvuja damu, ubongo huvimba, presha ya damu hushuka, hewa ya oksijeni hupungua. Fuvu halina nafasi ya ziada. Damu ikijikusanya mle ndani hukandamiza ubongo, na sehemu ya chini inayoendesha kupumua ikibanwa, mgonjwa hufa. Yote tunayoyafanya hospitalini katika siku za kwanza, kuanzia oksijeni, dripu, mashine ya kupumulia hadi upasuaji, yanalenga jeraha hili la pili.

Hapa niseme jambo ambalo limegharimu maisha. Picha ya eksrei huonyesha mfupa. Haionyeshi ubongo, wala haionyeshi damu iliyojikusanya. Familia nyingi huambiwa "eksrei ni nzuri" na zikaondoka zikiwa zimetulia. Kipimo kinachohitajika ni picha ya CT skani, na mgonjwa akionyesha dalili nitakazozitaja, ni haki yako kuuliza kwa upole lakini bila kuchoka: atapigwa skani lini, na kama hapa haipo, atapelekwa wapi?

Huku kwetu wagonjwa wengi hufikishwa kwanza katika hospitali ya Ruiru au Thika Level 5, na wale wa hali mbaya hupelekwa Hospitali Kuu ya Kenyatta au hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyofungua milango kwa umma mwaka wa 2019 na ambayo kwa mkazi wa Membley ni jirani. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kikariri kifungu hicho. Ukiambiwa uweke amana kwanza huku mtu wako amezimia, kitaje.

Nambari ambayo madaktari huitaja

Ukisimama mlangoni mwa wodi utawasikia madaktari wakiambiana "huyu alikuja na saba, sasa ni kumi." Wanazungumza juu ya kipimo kilichobuniwa mwaka wa 1974 huko Glasgow, Scotland, na madaktari wawili, Graham Teasdale na Bryan Jennett. Huangaliwa mambo matatu: jinsi mgonjwa anavyofumbua macho, jinsi anavyosema, na jinsi anavyosogeza viungo. Alama za juu kabisa ni 15. Za chini kabisa ni 3, kwa hivyo usidhani 3 ni afadhali kuliko sufuri, kwa maana sufuri haipo. Kuanzia 13 hadi 15 jeraha huitwa dogo, 9 hadi 12 la wastani, na 8 kwenda chini ni kubwa.

Neno "dogo" limewadanganya wengi. Lina maana kwamba mgonjwa alikuwa macho au karibu awe macho alipopimwa. Halina maana kwamba atarudi kazini Jumatatu. Na nambari moja pekee haikuambii kitu kikubwa. Uliza ilikuwa ngapi jana na ni ngapi leo. Inayopanda yatia moyo. Ikishuka hata kwa alama mbili, daktari anapaswa kukimbia.

Saa za mwanzo

Ukimkuta mtu ameanguka kwenye pikipiki, usimbebe kama gunia la viazi na kumtupa nyuma ya Probox. Shingo yake huenda imevunjika. Mshike kichwa na shingo vikiwa vimenyooka pamoja na kiwiliwili, mlaze kwa ubavu watu kadhaa wakisaidiana iwapo anatapika, na usimnyweshe maji wala soda. Piga 999 au 112, na ikiwa gari la wagonjwa halipatikani, kama inavyotokea mara nyingi, mlazeni juu ya kitu kigumu mkimpeleka.

Aliyechunguzwa hospitalini na kuruhusiwa kwenda nyumbani asiachwe peke yake kwa muda wa siku moja au mbili. Anaweza kulala, ile imani kwamba akilala atakufa imewafanya watu wamkeshe mgonjwa anayehitaji mapumziko. La muhimu ni kwamba ukimwamsha aamke kama kawaida na akujue. Mrudishe hospitalini mara moja akitapika tena na tena, akiumwa na kichwa kunakozidi, akishikwa na kifafa, akisinzia kuliko kawaida, akilegea mkono au mguu wa upande mmoja, mboni za macho zikiwa hazilingani, au akitokwa na maji mepesi puani au sikioni. Mpe Panadol kwa maumivu. Usimpe aspirini wala dawa za jamii ya Brufen katika siku hizo za mwanzo, kwa kuwa zaweza kuongeza kuvuja kwa damu.

Wako wagonjwa wa aina mbili ambao hupotea kwa urahisi. Wa kwanza ni yule anayeokotwa kando ya njia akinuka pombe. Watu humwacha alale, au hutiwa seli, na asubuhi hukutwa amekufa. Mlevi naye ana fuvu. Kama haamki vizuri, mpeleke hospitali. Wa pili ni guka au shosho aliyegonga kichwa kidogo tu kwenye mlango wa matatu, akacheka, na watu wakasahau. Baada ya majuma matatu au zaidi anaanza kuchanganyikiwa, anayumba, anajikojolea. Wote wanasema ni uzee. Huenda ni damu iliyokuwa ikivuja polepole juu ya ubongo, na daktari wa upasuaji akitoboa fuvu na kuitoa, mzee hurudiwa na akili yake. Ni miongoni mwa matibabu yanayonifurahisha sana katika kazi hii, na yanasikitisha sana yanapokosekana kwa sababu hakuna aliyekumbuka mlango wa matatu.

"Siye yule"

Mwezi Septemba 1848, katika jimbo la Vermont huko Marekani, msimamizi wa wajenzi wa reli aliyeitwa Phineas Gage alikuwa akishindilia baruti kwenye mwamba kwa mtaimbo. Baruti ikalipuka, mtaimbo ukaingia chini ya shavu na kutokea utosini. Hakufa. Aliweza kuketi na kuzungumza muda mfupi baadaye. Lakini daktari wake aliandika kwamba mtu yule aliyekuwa mpole na mwenye mipango sasa alikuwa mkaidi, mwenye matusi, asiyeweza kushikilia jambo. Rafiki zake walisema hakuwa Gage tena. Tazama basi: maneno ya rafiki zake ndiyo yale yale ya mama wa Membley, miaka zaidi ya 170 baadaye.

Sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayotushika breki. Hutuzuia kusema kila tunachofikiri, hutufanya tuanze kazi na kuimaliza, hutukumbusha kwamba wengine wana hisia. Ndiyo sehemu ambayo huumia mara nyingi katika ajali. Kwa hivyo mgonjwa anayetembea vizuri, ambaye majirani humpongeza kwa kupona, huenda ndani ya nyumba akalipuka kwa hasira kwa sababu ya kijiko kilichoanguka. Huenda akakaa kwenye kiti siku nzima bila kufanya lolote, watu wakamwita mvivu. Huenda akauliza swali moja mara kumi. Hamu ya tendo la ndoa yaweza kutoweka, au ikazidi hadi ikawa aibu mbele ya wageni. Na jambo gumu kuliko yote ni kwamba mara nyingi yeye mwenyewe haoni kwamba amebadilika. Anaona ninyi ndio mliobadilika.

Nimeona familia zikieleza mambo haya kwa njia tatu: amerogwa, ana pepo, au ni tabia yake iliyokuwa imefichika na sasa imefichuka. Ile ya tatu ndiyo inayovunja ndoa nyingi. Sikukatazi kuombewa; maombi hayajamdhuru mgonjwa wangu yeyote, isipokuwa pale alipoambiwa atupe dawa zake. Lakini elewa kwamba hasira ile hutoka kwenye jeraha, sawa na kuchechemea kunavyotoka kwenye mguu uliovunjika. Hilo halina maana kwamba uvumilie kupigwa. Akikupiga wewe au watoto, toka nje kwanza, kisha mje mumwone daktari, kwa maana ziko dawa na ziko njia za kupunguza hali hiyo.

Nini husaidia nyumbani? Ratiba isiyobadilika: kuamka, kuoga, kula, kutembea na kulala kwa saa zile zile kila siku. Maagizo mafupi, moja kwa wakati mmoja. Badala ya kumwambia "oga, uvae, tuende kanisani", mwambie aoge, na akimaliza ndipo umwambie avae. Mpe daftari la kuandika mambo, au utumie kengele ya simu kumkumbusha dawa. Punguza kelele. Televisheni, redio na watoto wanne sebuleni kwa pamoja ni mzigo ambao ubongo uliojeruhiwa hauwezi kuubeba, na wageni ishirini wa kumpa pole Jumapili moja ni mateso kwake. Uchovu wa jeraha la ubongo ni uchovu halisi. Mwache apumzike mchana. Pombe asiiguse. Na asipande kwenye usukani wa gari wala pikipiki mpaka daktari amruhusu, hata akisema yuko sawa, kwa kuwa atasema hivyo kila mara.

Mabadiliko ya haraka zaidi ya kupona huonekana katika miezi sita ya mwanzo. Yanaendelea polepole hadi mwaka wa pili, na kwa wengine hata baada ya hapo. Mtu akikuambia katika juma la tatu kwamba mgonjwa wako atabaki vile alivyo, amekuambia jambo asiloweza kulijua. Akikuambia atarudi kama zamani kabisa, vivyo hivyo. Hata yule Gage baadaye alikwenda Chile, akaendesha magari ya kukokotwa na farasi kwa miaka kadhaa, kazi inayohitaji ratiba na umakini. Wachunguzi wa siku hizi wanaona hiyo ni dalili kwamba alipata nafuu kubwa kuliko vitabu vya zamani vilivyosimulia.

Kifafa chaweza kutokea miezi au hata miaka baada ya jeraha. Kikitokea, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko mdomoni, na utazame saa. Kikipita dakika tano, au kikirudi kabla hajapata fahamu, ni dharura. Dawa za kifafa zisikatwe ghafula kwa sababu "siku hizi hashikwi". Hashikwi kwa sababu anazimeza. Hapa Kenya, chama cha KAWE kimekuwa kikishughulikia watu wenye kifafa tangu 1982, nacho ni mahali pazuri pa kuuliza.

Daktari aliye ndani ya simu

Baadhi ya madaktari wenzangu hukasirika mgonjwa akisema "nilisoma kwenye intaneti". Mimi naona hasira hiyo haina maana. Familia inasoma kwa sababu katika raundi ya asubuhi ilipewa dakika mbili na maneno ya Kiingereza. Kama sisi hatuelezi, simu itaeleza. Kazi iliyobaki ni kuchagua simu isikilize nani.

Vipo vyama vilivyoanzishwa na familia zenyewe kwa ajili ya jambo hili. Uingereza kuna Headway, kilichoanza mwaka wa 1979, na Marekani kuna Brain Injury Association of America, cha 1980. Vyote viwili vimeweka kwenye intaneti maelezo ya bure kwa lugha nyepesi juu ya kumbukumbu, hasira, uchovu, kurudi kazini na mengineyo. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani nayo ina ukurasa wa umma uitwao MedlinePlus. Taabu ni kwamba karibu yote ni kwa Kiingereza, na yameandikiwa watu ambao nchi yao ina vituo vya kuwafunza wagonjwa upya kila mji. Kijana wako wa kidato cha nne anaweza kukusomea na kukutafsiria nyanya kwa Kikikuyu. Yachukue yanayohusu ugonjwa wenyewe, kwa maana ubongo wa Membley na wa London ni mmoja. Yale ya posho za serikali na nambari za simu yaache, ni ya kwao.

Unapokutana na maandishi usiyoyajua, uliza nani ameandika, ameandika lini, na anauza nini. Swali la mwisho ndilo kali zaidi. Anayekueleza kwamba ubongo hupona kwa unga wa mizizi wa shilingi elfu nane, na papo hapo ana nambari ya M-Pesa, huna haja ya kumaliza kusoma. Vivyo hivyo matangazo ya sindano za chembe asilia katika nchi za mbali. Jamaa huuza shamba kwa ajili ya safari kama hiyo, na mgonjwa hurudi kama alivyokwenda, shamba likiwa limekwenda. Kabla ya kuuza chochote, mpelekee picha za skani daktari wa pili wa upasuaji wa ubongo hapa hapa nchini, umuulize kile mnachoahidiwa.

Hata habari yenye sura ya ukweli yaweza kudhuru. Kwa miaka mingi madaktari walitoa dawa za steroidi wakiamini hupunguza uvimbe wa ubongo baada ya ajali, nayo hoja hiyo bado yazunguka. Uchunguzi mkubwa uitwao CRASH, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 10,000 na kuchapishwa 2004, ulionyesha kwamba wagonjwa waliopewa dawa hizo walikufa kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2019, CRASH-3, uligundua kwamba dawa ya kuzuia kuvuja damu iitwayo tranexamic acid huokoa baadhi ya wenye jeraha dogo na la wastani, iwapo itatolewa ndani ya saa tatu. Aliyesoma nusu ya habari huenda akaidai kwa mgonjwa aliyeumia juzi, wakati ambapo haina faida hiyo tena.

Makundi ya WhatsApp ya familia zenye tatizo hili nayasifu, kwa sharti moja. Yana jambo ambalo mimi sina: saa tisa usiku, mume wako anapozunguka nyumba akitafuta ng'ombe aliyeuzwa mwaka jana, kuna mwanamke Nakuru au Kisumu aliye macho kwa sababu hiyo hiyo. Sharti ni kwamba kundi lisiandike dawa. Kipimo cha dawa ya kifafa cha mtu mmoja chaweza kumlewesha mwingine. Na tafadhali, usitume humo picha ya mgonjwa akiwa na mipira puani. Siku moja atapata nafuu na kuiona.

Kundi la harambee lisimamiwe na watu wawili, mmoja ashike pesa na mwingine ashike daftari, na nambari ya kupokelea iwe moja iliyotajwa na familia. Wezi hunakili picha na hadithi ya mgonjwa wako na kuweka nambari yao.

Pesa, polisi na karatasi

Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF haipo tena; nafasi yake imechukuliwa na SHA. Hakikisha kila mtu wa nyumba amesajiliwa na malipo hayajakatika kabla ya siku ya ajali, maana kushughulikia usajili ukiwa kwenye korido ya hospitali ni dhiki juu ya dhiki. Katika ajali ya barabarani, mtu mmoja wa familia aende kituo cha polisi kuchukua abstrakti mapema, aandike nambari ya gari na kampuni ya bima. Kesi ya fidia ya majeraha huwa na kikomo cha miaka mitatu. Nao mawakili wanaozunguka wodini na fomu za kutiwa sahihi waambie warudi wakati mwingine. Mtu aliyeumia ubongo asitie sahihi chochote. Aliyeumia kazini, hata kibarua wa mjengo, yumo katika sheria ya 2007 ya mafao ya majeraha kazini, na mwajiri aarifiwe kwa maandishi bila kukawia.

Ulemavu wa ubongo hauonekani kwa macho, na kwa sababu hiyo wengi hawaandikishwi. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoundwa chini ya sheria ya 2003, husajili pia wenye ulemavu wa aina hii baada ya kutathminiwa katika hospitali ya serikali. Usajili huo hufungua mlango wa kuomba msamaha wa kodi ya mapato na misaada mingine. Nenda na ripoti ya skani na barua ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Karatasi hizo zipige picha kwa simu siku ile ile mnayopewa, kwa kuwa za hospitali hupotea na za nyumbani huliwa na panya.

Kofia

Mwaka wa 1935 afisa Mwingereza maarufu, T. E. Lawrence, alikufa kwa kuumia kichwa baada ya kuanguka na pikipiki. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, alianza kuchunguza vifo vya wanajeshi wa pikipiki, na mwaka wa 1941 akachapisha ushahidi wa faida ya kofia ngumu. Hesabu za siku hizi, zilizojumlisha uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali, zaonyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya jeraha la kichwa kwa karibu asilimia 69 na ya kifo kwa karibu asilimia 42. Sheria ya Kenya humtaka mwendeshaji na abiria wavae. Pale Kamakis utaona kofia ya abiria imening'inia kwenye usukani kama pambo. Abiria husema inanuka, au itaharibu nywele. Vaa leso chini yake.

Anayemtunza mgonjwa

Nimemwacha wa mwisho kwa sababu naye hujiweka mwisho. Mke anayemwogesha, kumlisha na kumlinda mume aliyeumia ubongo hulala saa tatu kwa usiku, huacha biashara yake sokoni, na hukosa wa kumlilia kwa sababu wote husema "mshukuru Mungu yuko hai". Ana haki ya kushukuru na kuomboleza kwa wakati mmoja. Yule mume aliyeolewa naye hayupo, na hapakuwa na mazishi. Akikosa usingizi, akikosa hamu ya kula, akiwaza kufa, huo ni ugonjwa na una tiba.

Kwa hivyo ikiwa wewe ni shemeji, wifi, jirani au mwanachama mwenzake wa chama, usiulize "tukusaidie nini?" Hana nguvu za kulijibu. Nenda Jumamosi asubuhi, ukae na mgonjwa mpaka saa nane, umwache mama huyo alale au aende kusukwa. Na siku mnayomleta mgonjwa kliniki, mwambieni naye aketi kwenye kiti tumpime presha.